Gari la Mtu wa Heshima

Watu wa Dongobesh si wajinga wa kununua. Mwanamke akitaka ndoo ya plastiki ataiinua juani aone kama ina tundu. Akinunua maharage atazamisha mkono mpaka chini ya gunia, maana anajua mazuri huwekwa juu. Mbuzi hafungwi kamba mpaka afunuliwe mdomo aangaliwe meno. Hata kiberiti, yupo mzee mmoja pale sokoni hukitikisa kwanza sikioni ndipo atoe hela. Lakini Nurdin, mtu mwenye duka la nafaka, mume wa mtu na baba wa mtoto, alinunua pikapu bila kufungua boneti, akarudi nyumbani anatabasamu.

"Imeisha hiyo," alisema, akavua kofia na kuketi. "Ijumaa tunamalizia, gari linakuwa letu."

Safina, mkewe, alikuwa anachambua maharage ya Maretadu kwenye ungo. Hakuinua uso. "Linawaka?"

"Tumelikuta linawaka."

"Nimeuliza linawaka. Sijauliza mmelikuta linafanya nini."

"Mama Shamimu, pikapu ilikuwa inanguruma pale uani kwa Mzee Yakubu, imeoshwa, inang'aa. Tukakaribishwa ndani, tukala. Mzee mwenyewe akaninawisha mikono. Fikiria, mtu mzima vile, ananinawisha mimi."

"Umeiendesha?"

Nurdin alijikuna shingo.

"Vicent je? Si ulikwenda na fundi? Amefungua boneti?"

"Sasa na wewe," alisema Nurdin kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto. "Mzee wa umri wa baba yangu. Nimeshamwamkia, nimeshakula chakula chake. Halafu nimwambie, baba, hebu fungua boneti nione? Si ni sawa na kumwambia wewe ni mwizi?"

Safina akaweka ungo chini. Alimwangalia mume wake kama anavyoangalia gunia lililoingia maji, akijiuliza kipi kinaweza kuokolewa.

Ni vizuri ijulikane hela hizo zilikuwa za nani. Baba yake Safina aliuza vitambaa Katesh maisha yake yote, na alipofariki alimwachia bintiye kiwanja kando ya barabara. Kiwanja hicho Safina alikitunza miaka na miaka, akakilipia kodi, akakataa wanunuzi watatu. Mwishowe alikiuza kwa sababu moja tu: mahindi na maharage waliyonunua Tumati na Maretadu yalisafirishwa na malori ya watu, na kila msimu wenye malori walichukua faida, wao wakabaki na makapi. Wakiwa na pikapu yao, duka lingesimama. Bila pikapu, na bila kiwanja, hawakuwa na kitu kingine cha kuuza. Alimkabidhi Nurdin hela kwa sharti moja, nalo lilikuwa fundi alikague gari kabla ya senti moja kutoka mfukoni.

"Umetoa ngapi?"

"Milioni nne. Bado sita."

"Maandishi yako wapi?"

"Mzee alisema, mwanangu, kuandikishiana ni kwa watu wasioaminiana."

"Na kadi ya gari?"

"Iko kabatini kwake. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka na ufunguo wa kabati."

"Ametoka na ufunguo," Safina akarudia taratibu. Akachukua ungo wake, akaendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa nje mlangoni kwa nguvu isiyolingana na ukubwa wake.

Basi mtu wa kuogopwa namna hiyo ni nani? Mzee Yakubu alikuwa mtu wa heshima. Ukiuliza amefanya nini hasa, hakuna wa kukujibu, ila watu wazima watakutazama vibaya kwa kuuliza. Zamani alikuwa na duka, likafa. Akawa na lori, likafa pia, na waliomkopesha wakasamehe kwa sababu kumdai mtu wa namna ile ni aibu. Sasa kazi yake ilikuwa suluhu. Ndugu wakigombania shamba, anaitwa. Mke akirudi kwao, anaitwa. Anafika na kanzu yake iliyopigwa pasi, anapewa kiti cha mbele, anasema maneno machache kwa kuyavuta, anakula, anaondoka na kitu kidogo mfukoni. Dongobesh nzima ilimwamkia, na marahaba yake ilikuwa ndefu, inaanzia tumboni.

Ugonjwa wa Nurdin nao ulikuwa unajulikana. Mwite "mwanangu" kwa sauti nzito, atakupa shati alilovaa.

*

Asubuhi Safina alikwenda gereji. Vicent alikuwa amelala chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana. Safina alisimama karibu na miguu hiyo akasubiri. Miguu ilimtambua, ikajivuta ndani kidogo, halafu Vicent akatoka akijifuta oili.

"Dada Safina. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Umekula wali wa Mzee Yakubu ukashiba?"

Vicent alicheka kidogo, akaacha alipoona anacheka peke yake. "Tulikaribishwa, dada. Ningefanyaje?"

"Nilikulipa ukakague gari. Wali ningekupikia mimi."

"Mimi nilitaka. Haki ya Mungu nilisogea mpaka kwenye boneti, nikaweka mkono hivi. Mzee akaniuliza, wewe ni mtoto wa nani? Nikamwambia wa Hermani. Akasema, Hermani yule yule niliyemsuluhisha na kaka yake kuhusu ng'ombe? Nikasema ndiye. Basi nikamwamkia upya." Vicent alitazama mikono yake. "Halafu akasema, mwanangu, gari langu ni kama mke wangu, halifunuliwi mbele za watu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka."

"Ukaondoa mkono."

"Nikaondoa mkono."

Loo, fundi huyo. Mtu anayeweza kushusha injini ya lori mchana mmoja, anasikia bolti iliyolegea kutoka ng'ambo ya barabara, lakini ameshindwa na swali la wewe ni mtoto wa nani. Safina alimdharau mpaka akamwonea huruma, kisha akaacha huruma akabaki na dharau.

"Sasa niambie mimi. Mkono wako ulipokuwa pale, ulisikia nini?"

Vicent aliangalia huku na huku. "Boneti ilikuwa ya moto sana. Ile gari ilikuwa imewashwa muda mrefu kabla hatujafika. Mtu akijua mnunuzi anakuja, halafu ukakuta ameshaiwasha, ujue asubuhi ikiwa na baridi haiwaki vizuri, na hataki uone. Na maji yalikuwa yanachuruzika chini, akasema ni ya kuoshea."

"Uliyajua yote hayo ukiwa unakula?"

"Niliyajua kabla ya kunawa."

"Ukamwambia Nurdin?"

"Njiani nilitaka kumwambia. Lakini yeye alikuwa anasema tu jinsi mzee alivyomnawisha. Nikaona nitamharibia furaha."

Safina alimtazama mtu mzima huyo mwenye ndevu. "Kesho kutwa ni Ijumaa," alisema. "Uwepo pale. Uje na spana."

"Dada, mimi siwezi kumwambia mzee chochote."

"Sijakwambia useme. Nimekwambia uje na spana."

*

Kesho yake, baridi ya alfajiri ikiwa bado imeshika majani, Safina alijitanda khanga mbili akaenda kwa Mzee Yakubu kuazima sufuria kubwa. Sufuria alikuwa nazo. Alipokaribia ua alisikia watu wanahema, na sauti ya Mzee Yakubu, si ile ya kwenye suluhu, ila nyingine kali na nyembamba: "Sukumeni, wapuuzi nyie, mmekula bure?"

Vijana wanne walikuwa wanaisukuma pikapu kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba. Ilikohoa, ikanyamaza. Wakairudisha juu kwa mabega, wakaiteremsha tena. Mara ya tatu ikashika, ikatoa moshi mweupe uliofunika ukuta mzima, na Mzee Yakubu, amevaa shuka na fulana iliyotoboka, akakimbia na ndoo kuijazia maji. Alikimbia vizuri tu kwa mtu ambaye barabarani hutembea na fimbo.

Mwanaamina, mke wa mzee, alimkuta Safina mlangoni akiangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mwanaamina alitazama alikotazama mgeni wake, akavuta pumzi. "Wanafanya mazoezi ya kesho. Kila mgeni akija lazima isukumwe kabla. Ikishawaka haizimwi mpaka mgeni aondoke."

"Mama, kadi ya gari iko kabatini?"

"Kabati gani?" Mwanaamina aliuliza. Akaenda jikoni, akarudi na sufuria. "Sikia, mwanangu. Ukiniuliza mbele za watu, mimi sijui kitu. Mimi ndiye ninayelala humu." Akamkabidhi sufuria, akafunga mlango.

Safina alifika nyumbani akamweleza mumewe yote: mteremko, moshi, ndoo ya maji, kabati lisilokuwepo. Hakuongeza chumvi, kwa sababu haikuhitaji. Nurdin alisikiliza akiwa amekunja uso, na Safina akadhani hatimaye maneno yanaingia.

"Ulikwenda kumchungulia mzee?" Nurdin aliuliza. "Akiwa na shuka?"

"Nurdin."

"Mtu mzima, nyumbani kwake, alfajiri, hajavaa. Na wewe umesimama unamwangalia. Akijua nitaweka wapi uso wangu?"

"Uweke kwenye boneti."

"Magari yote yanasukumwa wakati wa baridi. Tena si ya kwake peke yake." Alisimama, akaanza kutembea. "Mashahidi wameshaalikwa. Mzee Alfredi anakuja, na wengine. Nimeshasema kwa mdomo wangu nalipa Ijumaa. Unataka niwe mtu wa kurudi nyuma? Unataka watu waseme Nurdin anaendeshwa na mke?"

"Bora uendeshwe na mke. Hiyo pikapu haitakuendesha."

Nurdin alichukua kofia yake akaenda dukani kukaa kwenye kiti chake, ambako hakuna aliyemuuliza maswali. Safina alibaki na sufuria ya watu mkononi. Alifikiri kuzificha zile milioni sita, lakini Nurdin alikuwa amezifunga kwenye mfuko akazilalia, na mfuko alikwenda nao dukani. Kwa kuzilinda hela hizo dhidi ya mkewe alikuwa hodari sana.

Siku nzima alikuwa anatafuta namna. Amwambie mzee kwa upole? Mzee atamwita mwanangu, atamuuliza habari za marehemu baba yake, mwisho atajikuta anapakuliwa wali. Amtume mtu mzima mwingine? Watu wazima wote walikuwa wamealikwa, na wote walikuwa wanajua kutakuwa na nyama. Alivyozidi kufikiri ndivyo alivyoona jambo lenyewe lilivyo. Kila aliyefika pale uani alianza na shikamoo, na akishaitoa alikuwa amekwisha. Mtu uliyemwamkia huwezi kumkagua. Mzee Yakubu hakuhitaji kusema uongo hata mmoja. Alihitaji kupokea salamu tu, kisha wenyewe wanaona haya kufumbua macho.

*

Ijumaa baada ya sala baraza ya Mzee Yakubu ilijaa. Mikeka ilitandikwa, wazee wakapewa viti. Mzee Alfredi, jirani Mkristo aliyealikwa awe shahidi, alikaa kulia, na mzee mwingine wa msikitini kushoto. Katikati alikaa Mzee Yakubu, kanzu nyeupe, fimbo kati ya magoti. Nurdin alikaa mkekani chini yao na mfuko wa hela mapajani, amefurahi kama bwana harusi. Vicent alikaa mbali karibu na mlango, na mfuko wa shati lake umevutwa chini na spana.

Uani pikapu ilikuwa inanguruma. Ilikuwa imeanza kunguruma tangu kabla ya sala, na watu wakaizoea mpaka hawakuisikia tena.

"Mwanangu Nurdin," Mzee Yakubu alikuwa anasema, "mimi gari hili nisingemuuzia mtu yeyote. Juzi juzi alikuja mfugaji mmoja kutoka huko tambarare za Hanang. Hata hatujamaliza kuulizana hali, mtu kashapiga magoti anachungulia chini ya gari. Nikamwambia nenda zako. Gari langu haliendi kwa mtu asiye na adabu."

Wazee wakacheka. Nurdin alicheka kuliko wote. Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza yule mfugaji aliona nini huko chini.

Ndipo mngurumo ukakatika.

Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa Mzee Yakubu, na wa kwanza kugeuka rangi alikuwa yeye pia. Safina alitokea kwenye kona ya nyumba, amejitanda vizuri, anatembea bila haraka, na ufunguo wa pikapu unaning'inia kidoleni.

"Asalaam aleikum," alisema kwa baraza yote, wakaitikia. Akamgeukia Mzee Alfredi, akainama kidogo. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mama."

Akamgeukia mzee wa msikitini. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akasimama mbele ya kiti cha katikati. Mzee Yakubu alikuwa ameshaanza kuvuta pumzi ya ile marahaba yake ndefu.

"Habari za leo, Yakubu," Safina akasema.

Pumzi ile haikupata pa kwenda. Mzee wa msikitini aliacha kuhesabu tasbihi. Kutoka jikoni, walikokuwa wanawake, sufuria iliyokuwa inasuguliwa ilinyamaza. Mtu wa zaidi ya miaka sabini, mwenye wajukuu, ameitwa jina lake kavu na mke wa muuza mahindi, na ameulizwa habari kama konda wa basi.

"Mama Shamimu," Nurdin alisema kwa sauti iliyopotea, "msalimie mzee kwanza."

Safina hakumgeukia. Alishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Akishakuwa mtu asiye na adabu, hakuwa na cha kuogopa tena, na maneno yote aliyokuwa ameyameza siku tatu yalikuja yenyewe.

"Chukua ufunguo, Yakubu. Liwashe."

"Nurdin," alisema Mzee Yakubu, bila kumtazama Safina, "mkeo anaumwa?"

"Mimi ni mzima. Tunataka kujua kama gari ni zima. Liwashe hapa hapa, bila kusukumwa, mume wangu akupe milioni sita na mimi nikuombe radhi mbele ya hawa wote."

Sasa hapo watu wakaanza kutazamana. Ombi lilikuwa dogo mno. Mzee Alfredi alikohoa. "Yakubu, si uwashe tu, yaishe?"

Mzee Yakubu alitafuta maneno, na kwa mara ya kwanza yalichelewa. Akasema ufunguo haushikwi na mwanamke. Akasema gari limechoka, limewaka tangu asubuhi. Akasema Ijumaa ni siku ya ibada. Safina akampa ufunguo Vicent, na Vicent, kwa kuwa hakuambiwa aseme kitu, aliupokea akaenda. Walisikia swichi ikizungushwa. Pikapu ilitoa mlio wa mtu anayeamshwa kwa nguvu, ikanyamaza. Ikazungushwa tena. Mara ya nne haikutoa mlio wowote.

"Fungua boneti," Safina akaita.

Boneti ilifunguliwa. Baada ya kitambo Vicent alirudi barazani ameshika kifuniko cha oili kwa ncha za vidole. Ndani kilikuwa kimejaa uji mweupe mweupe, rangi ya chai ya maziwa. Alikishika tu mbele ya wazee, na hata wale wasiojua magari walijua kwamba oili haiwi hivyo.

"Maji yameingia kwenye injini," Safina aliwaambia, maana fundi wake alikuwa bado anaogopa. "Hii si ya kutengeneza. Ni ya kutoa injini na kutupa." Akainama, akachukua mfuko wa hela kutoka mapajani mwa mumewe, ambaye aliuachia. "Na zile milioni nne, Yakubu, nitazifuata."

Akaondoka. Nyuma yake hakuna aliyezungumza habari ya injini. Alichosikia akikata kona kilikuwa sauti ya mumewe: "Mzee wangu, nisamehe, mimi sikumtuma."

*

Mtu angedhani Dongobesh wiki ile ilizungumzia pikapu. Haikuzungumzia pikapu. Dukani, kisimani, kwenye gereji ya Vicent, hadi Mbulu mjini habari ilikuwa moja: mke wa Nurdin amemnyima mzee shikamoo. Wanawake waliokuwa wananunua unga kwake miaka yote walipita dukani wakitazama mbele. Mmoja alimuuliza Shamimu, mtoto wa darasa la tatu, kama mama yake amepagawa. Gari lililoharibika watu waliliona ni jambo la kawaida. Kila mtu ana kitu kilichoharibika anachojaribu kumuuzia mwenzake.

Wazee wakaamua pafanyike suluhu. Shida ya kwanza ilikuwa nani akalie kiti cha mbele, kwa kuwa mwenye kiti ndiye aliyekuwa analalamika. Wakamweka Mzee Alfredi. Walikaa kutoka saa tatu mpaka adhuhuri, wakala, wakatoa hukumu: Mzee Yakubu, kwa ukarimu wake, amekubali kurudisha ile advansi, ingawa hakulazimika. Atairudisha siku Safina atakapokuja mbele ya wale wale mashahidi kumwamkia.

Nurdin aliileta habari hiyo nyumbani kama zawadi. "Neno moja tu, Mama Shamimu. Neno moja, milioni nne."

"Na nisipolisema?"

"Si unajua hatuna maandishi," alisema Nurdin, na alisema hivyo kana kwamba maandishi yalisahauliwa na mtu mwingine.

Safina alikaa na jambo hilo jioni nzima. Ilimuuma. Alikuwa amemwamkia mtu yule tangu akiwa binti, bure, kila alipopita, na kila shikamoo alikuwa ameitoa kwa moyo. Sasa moyo ulikuwa haupo, na neno tupu ndilo lililokuwa linatakiwa. Akawaza kiwanja cha Katesh, na baba yake akikunja vitambaa.

"Waambie nitakuja," alisema. "Waje na hela."

Alikwenda. Baraza ile ile, viti vile vile. Alipiga goti kabisa, kitu ambacho hata kwa mama mkwe wake hakukifanya, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Shikamoo, Mzee Yakubu."

"Marahabaaa, mwanangu." Ilitoka tumboni, ikapita barazani, ikarudi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Mkono wa Safina haukurudi. Ulibaki umenyooshwa, kiganja juu, mpaka kila mtu akawa anautazama. Mzee Yakubu akatia mkono ndani ya kanzu, akatoa bulungutu, akaliweka pale. Safina hakusimama. Alihesabu akiwa amepiga goti vile vile, noti baada ya noti, na wazee wakalazimika kukaa kimya wakingoja.

"Imepungua laki mbili."

"Chakula," alisema Mzee Yakubu. "Mara mbili mlikula hapa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Alfredi alitazama viatu vyake. Safina alimsubiri mumewe, aliyekuwa mkekani, aseme kitu, chochote. Nurdin alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeona mambo yamekwisha salama. Basi Safina akazifunga hela kwenye ncha ya khanga, akasimama, akajifuta vumbi gotini.

Njiani Nurdin alitembea kwa furaha, anawaamkia watu kulia na kushoto. Walipofika kwenye kona ya gereji alimgeukia mkewe.

"Umeona sasa?" alisema. "Heshima imerudisha hela."

Safina alikuwa na mengi ya kusema, na alipima akaona yote ni makubwa kuliko kichwa kitakachoyapokea. Akaendelea kutembea.

*

Gari lililofuata alilitafuta mwenyewe, na alilitafuta kwa namna yake. Aliletewa habari za pikapu ya mwalimu mstaafu wa Katesh, nzuri sana, akakataa alipoambiwa umri wa mwalimu. Akaletewa ya shemeji wa Mzee Alfredi, akakataa kabla hawajamaliza sentensi. Mwisho Vicent alimtajia kijana mmoja wa Tumati, Michael, aliyekuwa anasomba mahindi na sasa anataka kununua fuso.

"Ana miaka mingapi?" Safina aliuliza.

"Ishirini na sita, labda saba."

"Twende kesho alfajiri. Asiambiwe."

Walifika Tumati umande haujakauka, Nurdin akiwafuata nyuma. Pikapu ilikuwa imesimama kando ya zizi, imejaa vumbi, haijaoshwa, na Vicent alipoweka kiganja juu ya boneti aliitikia kwa kichwa: baridi. Michael alitoka ndani anavaa sweta, akashtuka kuona wageni mapema vile. Alipomwona Safina akaharakisha, akainama, akakutanisha mikono.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Karibuni, karibuni ndani. Chai iko tayari, na viazi."

Nurdin alikuwa ameshaanza kuvua viatu. "Marahaba, mwanangu," alisema, anatafuta pa kuketi. "Wazee wako hawajambo? Wewe ni mtoto wa nani hapa Tumati?"

"Marahaba," Safina alisema. "Fungua boneti."